Nilivyokufanya Mwongo Mbele ya Wakubwa wa Chuo

Mama Kerubo,

Usishtuke. Ni mimi, baba yake Ombati, baba mkwe wako. Najua haijapata kutokea hapa kwetu mzee wa boma akamwandikia barua mke wa mwanawe, tena mke aliyekwisha kuzikwa. Lakini mimi mambo mengi nimekuwa wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza ng'ambo hii ya mto kuezeka nyumba kwa mabati. Nilikuwa wa kwanza kupanda majani chai, wengine wakisema huo ni mmea wa Mzungu, utaua shamba. Na katika vijana wote waliotoka huku Magwagwa kwenda vitani Burma, hakuna aliyerudi na kanzu nzuri kama yangu. Basi na hili niache niwe wa kwanza.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kigusii siwezi. Nimejaribu. Nikianza tu kukutaja kwa lugha yetu, ensoni inanizuia mkono. Ile heshima iliyowekwa kati ya mzee na mke wa mwanawe wewe uliijua kuliko mimi. Miaka kumi na minne uliishi katika boma langu, sikuwahi kuingia nyumbani kwako, sikuwahi kukupa mkono. Ukiniona njiani unashuka pembeni kwenye majani, unaangalia chini, unasema, "Tata, mbuya mono," salamu ya kwetu ya kumwamkia baba, nami naitikia nikiangalia mbele. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Kiswahili mimi nilikikuta jeshini, na wewe ulikikuta shuleni. Hakina ensoni. Ndani yake ninaweza kukuambia wewe, wewe, wewe, bila ardhi kupasuka.

Habari za nyumbani kwanza. Watoto ni wazima. Kerubo anatembea kama wewe, haraka haraka kama mtu anayesikia kengele. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama dume. Mama mkwe wako Bochaberi anafagia nyumba yako kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, na nikimwuliza anafagia ya nini wakati hakuna anayelala humo, ananijibu nisimsumbue. Shule imepata darasa jipya la matofali. Darasa lako la ngumbaru limekufa. Wale mama waliokuwa wanakuja jioni na majembe begani siku hizi wananipita njiani moja kwa moja kwenda kwao.

Sasa nitasema lile lililonikalisha hapa mezani tangu asubuhi. Bochaberi amenichungulia mara tatu, anadhani naandikia chifu juu ya mpaka.

Mama Kerubo, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma.

Basi. Nimeliandika. Mkono haukukatika.

Unakumbuka ilivyoanza? Sijui kama unajua yote. Nilikuwa nakwenda kanisani kila Sabato na Biblia ya ngozi, kubwa kuliko ya mchungaji, naifungua na kutikisa kichwa mahali watu wanapotikisa. Sabato moja mzee Ayiecha akaniinamia akaninong'oneza, "Ndugu yangu, hao malaika wako leo wanatembea kwa vichwa." Nilikuwa nimeishika juu chini. Benchi zima lilitikisika kwa kicheko cha kuzuia. Na wewe ulikuwa upande wa wanawake, uliona.

Mtu kama mimi, niliyemwamuru Mjapani aliyetekwa avue viatu na akavua, nichekwechekwe na Ayiecha! Nilikaa wiki nzima sili vizuri. Halafu nikasikia umeanzisha darasa la watu wazima pale shuleni, saa kumi jioni watoto wakishatoka. Ningeingiaje? Mzee akae kwenye dawati, mke wa mwanawe asimame mbele yake na chaki, amwulize swali, amwambie umekosa? Hata mbwa wa boma wangehama. Basi nikachukua katani zangu za kusokota kamba, nikaenda kukaa nje, chini ya upenu, mgongo kwenye ukuta wa udongo, kama mtu aliyejikinga jua. Nikawa nasokota na kusikiliza.

Siku mbili sikushika kitu. Herufi hazionekani kwa masikio. Siku ya tatu nilikohoa.  Kisha ukaanza kusema kwa sauti ya juu, sauti ya mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya bonde: "Leo tutaandika t. Simamisha fimbo. Katikati juu uilaze nyingine ifunge, kama mlango wa zizi." Na mimi nje nikaandika kwa kijiti kwenye vumbi. "Leo m. Ni migongo miwili ya ng'ombe waliosimama pamoja wananyeshewa." Nikaandika. "B ni fimbo iliyobeba kibuyu mbele, d imebeba nyuma." Wale mama walikuwa wakiuona ubao kwa macho yao. Hawakuhitaji kuambiwa habari ya ng'ombe na vibuyu. Ulikuwa unafundisha ukuta.

Halafu nikanunua daftari, nikaliacha kwenye ukingo wa dirisha kama mtu aliyesahau. Kesho yake nikalikuta pale pale, limesahihishwa kwa wino mwekundu. Mwaka mzima na miezi, daftari likawa linaingia na kutoka dirishani, na sisi tukikutana njiani ni "Tata, mbuya mono" na macho chini. Siku niliyoandika sentensi nzima bila kosa uliandika chini yake, "Vizuri sana." Nililibeba lile daftari ndani ya shati hadi nyumbani. Sikumwonyesha mtu. Hata Bochaberi.

Ndipo dhambi ilipoanzia, siyo kule chuoni. Nilisimama kanisani nikasoma Zaburi nzima. Kanisa likashangaa. Wakaniuliza, "Mzee, umefundishwa na nani?" Nikasema, "Nani anifundishe mimi? Nimejifundisha." Ilitoka tu. Ilikuwa tamu. Nikairudia sokoni, nikairudia kwenye mkutano wa kahawa, nikaongeza chumvi kwamba nilianzia Burma kwa kusoma maandishi ya maboksi ya nyama. Hata mkaguzi wa shule alipokuja kwenye harambee ya lile darasa la matofali, nilisoma mbele yake, akanishika bega akawaambia watu, "Tazameni mfano. Mzee amejifundisha mwenyewe, na nyinyi vijana mnalala." Ulikuwa unagawa chai siku ile. Ulipita na birika ukanimiminia.

Nilisema nitairekebisha baadaye. Uongo mdogo wa mwanamume juu ya akili yake unamwumiza nani?

Kisha ile barua ya chuo cha ualimu ikaja. Ulikuwa umefundisha miaka saba bila cheti, kwa mshahara wa nusu, kila Januari ukingoja kuambiwa kama bado una kazi. Sasa walikuwa wanachukua watu wazima waliokwisha fundisha. Cheti chako cha shule kilikuwa kidogo, darasa la saba, lakini ilisemekana mtu wa hivyo aje na ushahidi wa kazi yake wamhoji. Na mwanamke aliyeolewa aje na mume, au mzee wa boma, aseme kwamba nyumbani wamekubali. Ombati alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, akanyimwa ruhusa. Ukamtuma mama mkwe wako kwangu. Bochaberi akasimama mlangoni akasema, "Yule mtoto anaomba umsindikize. Na usijifanye una kazi, nimekuona unahesabu kuku."

Nilifurahi, nisikudanganye. Nilivaa koti la jeshi. Kwenye basi nilikaa mbele na wewe ukakaa nyuma kabisa, kama inavyopasa. Tulishuka mjini Kisii tukatembea, mimi mbele, wewe hatua ishirini nyuma na kikapu chako. Pale chuoni mlikaa kwenye benchi ndefu. Wengi walikuwa wasichana wa juzi, shingo nyembamba. Wewe ulikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wanne, umevaa ile sweta ya kijani iliyotiwa viraka viwiliviwili kwenye viwiko. Msichana mmoja alikuamkia "shikamoo mwalimu" akidhani wewe ndiye wa kuhoji. Ukacheka. Nilikuwa sijawahi kukusikia ukicheka.

Uliitwa. Ulikaa mle muda mrefu kuliko wote waliotangulia. Nilisikia sauti yako kupitia mlangoni, inapanda na kushuka vizuri, na sauti za wale wa kuhoji zikisema, "Enhe... enhe." Nikajua unashinda. Mimi najua sauti ya mtu anayeshinda.

Kisha wakaniita.

Walikuwa watatu. Mkuu wa chuo, mama mnene wa miwani, mtu wa kutoka mbali asiyejua Kigusii. Bwana mmoja wa kuandika, asiyesema. Na wa tatu, Mungu anajua kupanga, alikuwa yule yule mkaguzi wa harambee. Akaruka kutoka kitini: "Lo! Mzee wa Burma! Huyu ndiye niliyewasimulia, aliyejifundisha kusoma mwenyewe!"

Mama wa miwani akanitazama, akatazama karatasi yake, akasema pole pole, "Ajabu. Mwombaji ametuambia kwamba katika darasa lake la watu wazima, mwanafunzi wake bora ni baba mkwe wake. Kwamba alikuja hajui a, na sasa anasoma Biblia. Ndiye huyu?"

Nilikwambia nini cha kusema kabla ya kuingia? Sikukwambia kitu, wala wewe hukuniambia. Tungeambiana vipi? Wewe ulisema ukweli kwa sababu waliuliza ushahidi wa kazi yako, na mimi ndimi niliyekuwa ushahidi.

Yule mkaguzi akacheka. "Madam, hilo haliwezekani. Mimi ni Mgusii. Kwetu mke wa mwana hawezi kusimama mbele ya baba mkwe akamfundisha. Ni mwiko. Hata kukaa chumba kimoja ni taabu. Mwulize mzee mwenyewe."

Naye akaniuliza. "Mzee, huyu mama amekufundisha kusoma?"

Ilikuwa mlango wazi. Ningesema tu: kulikuwa na ukuta katikati yetu. Maneno matano. Hata mkaguzi angeshangaa, angepiga goti lake kwa furaha, wangesema mwalimu anayeweza kumfundisha mtu asiyemwona na asiyeruhusiwa kumtazama, huyo ndiye tunayemtafuta. Nimeyasema hayo maneno matano kila siku tangu wakati ule. Nayasema kwa ng'ombe.

Lakini bega langu lilikuwa bado linahisi mkono wa yule bwana. Nikanyoosha koti. Nikasema, "Mimi sikufundishwa na mtu. Na ya mke wa mwanangu, kama alivyosema bwana mkaguzi, kwetu tuna ensoni."

Wewe tangu nilipoingia ulikuwa umesimama, umegeukia pembeni, uso chini, mikono kwenye kikapu. Ilikuwa heshima. Ni vile ulivyosimama njiani kila siku. Lakini yule mama wa kutoka mbali hakujua, akasema kwa Kiswahili chake safi, "Mnaona? Hata kutuangalia ameshindwa." Mkaguzi alijua kwa nini umeinama. Mimi nilijua zaidi.  Mama wa miwani akafunga faili, akasema, bila hasira, "Elimu ndogo tungeisamehe. Mwalimu mwongo, hapana."

Tulirudi. Tulipokuwa tunapita chini ya kilima cha Nyanchwa mvua ikatunyeshea, nikaingia chini ya paa la duka moja, na wewe ukakaa chini ya paa la duka la pili, kwa sababu lile la kwanza nilikuwemo. Nilitaka uniseme. Nilingoja hata uvute pumzi vibaya. Tulipofika kwenye lango la boma ulisema, "Tata, asante kwa kunisindikiza." Ukaenda kuwapikia watoto.

Januari walileta kijana mwenye cheti, wewe ukaondolewa. Ukaanza kuchuma chai na kubeba kikapu hadi kituo cha kuuzia majani kama wengine. Ombati alipokuja Desemba alikwisha sikia, maana mkaguzi alikuwa amesimulia kama hadithi ya kuchekesha. Nilimsikia mwanangu kutoka kwangu, alisema kwa sauti: "Ulikuwa huna kingine cha kuwaambia ila kumwaibisha baba yangu? Kumtungia mzee uongo!" Nilisimama uani, mkono kwenye nguzo. Nikangoja useme. Ukasema, "Nyamaza, watoto wanasikia." Basi. Nami nikaingia ndani.

Mwaka uliofuata chuo kiliita tena. Nilijiambia, akiniomba nitakwenda na nitasema yote. Niliapa kabisa. Lakini wewe usingeweza kuniomba, na mimi nilijua kwamba usingeweza, na ndiyo sababu niliapa. Ona ujanja wa mzee. Kiapo kisicho na gharama.

Mvua za mwaka jana zilipokukuta kituo cha chai ukarudi na homa, na homa ikashuka mapafuni. Siku tatu. Sisemi nilikuua. Bochaberi anasema Mungu ndiye hupanga, na mimi sibishani na Bochaberi. Ila najua mwalimu aliyesoma chuo hangekuwa kituoni saa kumi na mbili jioni na kikapu mgongoni.

Siku ya mazishi nilisimama mbali, upande wa migomba, kama mila inavyotaka. Waliposoma habari zako walisema ulikuwa mke mwema, mpishi, mchapakazi, mwimbaji wa kwaya. Hakuna aliyesema mwalimu. Niliona watu wakipita neno hilo kama wanavyopita shimo njiani. Kwa ajili yangu. Ili mzee asiaibike.

Mwezi uliopita akina mama waligawa nguo zako. Bochaberi akaniletea kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa daftari langu, na ndani yake ile barua ya kuitwa kuhojiwa. Nilikuwa nimeliacha dirishani wiki ile ya safari na kesho yake sikulikuta; nilidhani limeanguka. Kumbe lilikuwa ndani ya kikapu. Mama Kerubo, ulikuwa nalo! Mle chumbani, mikono yako juu yake. Mwandiko wangu, wino wako, jina langu kwenye jalada. Ungelitoa tu ukaliweka mezani, mimi ningekuwa mwongo na wewe ungekuwa mwalimu. Ulichagua.

Nimefikiri sana kwa nini. Nilitaka kusema ulikuwa mwoga. Hapana. Mke wa mwana hamvui nguo baba mkwe mbele za watu. Wewe uliishika ensoni mpaka ikakuondoa chuoni, na mimi niliitumia kama blanketi la kuficha kitu nilichoiba.

Na sasa nikuage, kabla mkono haujachoka.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba ungenijibu kwa heshima, na heshima yako nimekwisha kuila ya kutosha. Ninakuahidi mambo mawili. La kwanza ni Ombati. Mpaka leo anaamini alioa mwongo, na amekulilia machozi nusunusu, kama mtu anayelipa ushuru. Anakuja leo kutoka Kericho. Nitampa barua hii mkononi mwake, na daftari. Sitamwambia kwa mdomo. Mdomo wangu naujua, ukifika katikati utageuza habari niwe shujaa. Nimeandika ili nisiweze kukana. Anaweza kunikataa. Anaweza kuhamisha watoto. Ni haki yake.

La pili ni Sabato ijayo. Ombati akikubali ataisoma mbele ya kanisa lote, Ayiecha akiwemo, nami nitasimama pembeni mpaka neno la mwisho. Akikataa nitaisoma mwenyewe, pole pole, kwa kidole. Watacheka. Na najijua, baadaye nitajisifu kwamba hakuna mzee aliyewahi kutubu kwa ukubwa kama huu. Univumilie kwa hilo.

Lala salama, mwalimu. Udongo wa huku ni mwepesi, hauna mawe, mimi mwenyewe niliuchagua.

Mbwa wanabweka langoni. Ni yeye, na mzigo begani, na Bochaberi anamwita aje ale kwanza. Hatakula kwanza. Ninatoka nimkute uani, maana akishakaa na kuniita Tata kwa upole, nitaikunja hii karatasi niiweke mfukoni.

Ninatoka sasa.